Matanga ya Mtu wa Kitabuni

Butembo, 6 Februari 2000

Kwa Tonton Ignace,

Papa na mama wanakusalimu, na watoto wote wa nyumba hii. Tu wazima kwa kiasi chetu. Mama bado analalamikia magoti, papa analalamikia bei ya kahawa, na mvua imeharibu maharagwe ya upande wa bondeni. Mwambie mkeo Tantine Safi kitenge alichonitumia kilifika, ila panya walikionja njiani. Nimekishona hivyo hivyo.

Natumaini duka lenu hapo Mangobo bado limesimama, na kwamba Kisangani mnalala usingizi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Watu wa Liévin wamekuja tena. Liévin unamfahamu, yule mnunuzi wa kahawa aliyefiwa na mke. Si mtu mbaya, na hiyo ndiyo taabu yangu, maana angekuwa mbaya ningekuwa na la kusema. Wanataka kuleta mbuzi wa mahari. Papa amewaambia wangoje kwanza, kwa sababu mbuzi wa Constant wangali zizini kwetu. Hawajatimia, lakini wapo na wanazaa, na hatuwezi kupokea mbuzi wa mtu juu ya mbuzi wa mwenziwe.

Tonton, Constant alikuja kwako kutafuta pesa ya mbuzi waliobaki. Alikuwa anasukuma chariot ya duka lako, ule mkokoteni wa mizigo, siku askari walipomchukua awabebee masanduku, na baadaye tukasikia wamempa bunduki na kumpeleka upande wa Opala. Tangu hapo kimya. Uliza watu. Niambie kama yu hai au hayupo. Nitabeba jibu lolote. Nimechoka kuulizwa kila asubuhi kitu nisichokijua.

Mwanao,
Kaswera


Kisangani, 19 Machi 2000

Kaswera mwanangu,

Tumepokea salamu zenu, nasi tunawasalimu mmoja mmoja, kuanzia kaka yangu papa yako mpaka yule mdogo ambaye sijamwona bado. Tantine yako anaumwa meno. Duka limesimama, ila rafu zake nyingi zinabeba vumbi. Nina chumvi, nina sabuni kidogo, na makayabu, samaki wa chumvi, yanayonuka kuliko inavyofaa. Wateja wanaingia kupumzika kivulini, tunaongea, wanatoka.

Barua hii naituma wazi, bila bahasha, kama tunavyofanya sote siku hizi. Bahasha iliyofungwa, askari wa barrière, wale wa vizuizi vya njiani, huipasua na kumchapa aliyeibeba. Kwa hiyo Alexis, mbebaji wetu, ataisoma kwenye baiskeli yake, na wenzake wataisoma wakipumzika Bafwasende. Alexis, nakusalimu.

Nimeuliza juu ya Constant. Watu wanaotoka Opala wanasema askari wamechimba mahandaki kando ya Lomami, wanakaa humo kama fuko, hawa upande huu na wale upande ule, na mvua inawanyeshea wote. Jina lake hakuna aliyelijua. Zaidi ya hapo sina, mwanangu, na sitaki kukutungia.

Sasa usinicheke. Wiki iliyopita nilinunua karanga kwa mama mmoja sokoni, akanifungia katika karatasi ya kitabu. Nikaisoma nikitembea. Kulikuwa na mwanaume amesimama ndani ya handaki, maji yamemfika magotini, anajaribu kukumbuka uso wa mwanamke wake na uso hauji. Kinachokuja ni jinsi alivyokuwa akikunja shuka, ameibana kwa kidevu ili mikono iwe huru. Nilirudi kwa yule mama nikamwambia aniuzie kitabu kizima. Alinitazama kama mgonjwa, maana karanga zake sasa angezifungia nini?

Jalada hakina, na kwa hiyo sijui jina lake wala aliyekiandika. Ni Kifaransa, ni vita vya wazungu vya zamani. Mwanaume anaitwa Augustin, seremala. Mwanamke ni Marthe, anafua nguo za watu kando ya mfereji. Walipendana majira mamoja tu, vita vikamchukua. Nasoma kurasa chache nikiwa kaunta, kisha nafunga, kwa sababu kikiisha sijui nitasoma nini.

Ukae vizuri. Usimjibu Liévin kwa hasira.

Tonton wako,
Ignace Paluku


Butembo, 30 Aprili 2000

Tonton,

Sote tunakusalimu. Pole kwa meno ya Tantine. Papa ameuza kahawa kidogo, kwa bei ya kumtia mtu aibu. Huku askari ni wengine na kodi ni zilezile.

Nilikuuliza juu ya Constant, ukaniandikia kurasa mbili juu ya mzungu. Nilikasirika nikaitupa barua kitandani. Jioni nikaiokota, na kesho yake nikaenda nayo kazini. Unajua tunakaa wanawake wengi chini, tunachagua kahawa, punje nzuri huku na mbovu kule, na mazungumzo huisha kabla ya gunia. Nikawasomea habari za Augustin na Marthe kwa Kiswahili. Hakuna aliyeomba niache.

Sasa wanagombana. Wengine wanasema Marthe aolewe na mtu mwingine, nguo za kufua haziwezi kumlalia mtu kifuani. Wengine wanasema angoje. Wakisema hivyo hawanitazami, nami najua ni mimi wanayenisema.

Mama yake Constant naye anakuja kusikiliza, ingawa hachagui kahawa kwetu. Anakaa mlangoni. Nikimaliza anauliza kama barua nyingine imefika, kisha anakwenda zake.

Basi andika yanayofuata. Je, Marthe atamngoja? Nakuuliza ya kitabu, kwa kuwa ya huku kwetu huna.

Kaswera


Kisangani, 2 Julai 2000

Kaswera mwanangu,

Tu hai. Naanza na hilo ili mama yako aache kulia. Mimi ni mzima, Tantine yako ni mzima, nyumba ina tundu kubwa juu ya chumba cha kulala na tunaona mbingu bila kutoka nje.

Mtakuwa mmesikia. Majeshi mawili ya wageni yalichagua mji wetu kuja kumalizia ugomvi wao, siku sita, na mabomu yao yakawa yanapita juu ya vichwa vyetu na mara nyingine hayapiti. Majirani zetu watatu tumewazika uani kwao, kwa kuwa makaburini hapakufikika. Sitaandika zaidi. Nimechoka na habari hiyo kabla hata ya kuisimulia.

Siku hizo sita nililala chini ya kaunta na kile kitabu. Mchana, mwanga wa kutosha ulipita kwenye ufa wa mlango. Nilisoma kwa sababu macho yalihitaji mahali pa kwenda. Tantine yako alinitukana: mji unaungua na wewe unasoma. Kisha akaniambia nisome kwa sauti.

Basi, nakupa mwisho. Augustin amekufa. Mvua ilinyesha wiki nzima, ukuta wa handaki ukalainika, ukamwangukia akiwa amelala. Hata risasi haikumgusa. Wenzake walichimba kwa mikono, wakamkuta ameshika kifua kama mtu anayezuia blanketi lisidondoke. Waliandika kwa Marthe kwamba hakuumia. Marthe aliisoma barua akaenda kumaliza kufua, kwa kuwa maji yalikuwa tayari yamechemka.

Kaswera, sikuwalilia majirani zangu. Niliwachimbia, nikawafukia, nikaosha mikono. Lakini huyu mtu wa karatasi alipokufa nililia mpaka Tantine yako akaniondolea kitabu. Sijui kwa nini ninakuambia hili. Labda nilikuwa na machozi ya watu wengi na mlango mmoja.

Wasomee wenzako polepole. Msalimie sana mama yake Constant.

Ignace


Butembo, 20 Agosti 2000

Tonton,

Tunamshukuru Mungu kwa uhai wenu. Papa alisoma hesabu ya siku zile sita akatoka nje, akarudi jioni.

Barua yako imeleta balaa, na wewe hukukusudia. Alexis aliisoma njiani. Alipofika hakuja kwangu kwanza, alikwenda moja kwa moja kwa mama yake Constant, akakaa, akaomba maji ya kunywa, kisha akamsomea polepole yote uliyoandika juu ya Augustin: ukuta wa handaki, mikono ya wenzake, mpaka neno lako la kumsalimia sana.

Unajua kwetu kifo hakitajwi waziwazi. Mtu akileta msiba huanza na habari za mgonjwa mwingine, au za kijiji kingine, huzunguka mpaka mwenye msiba mwenyewe aelewe. Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Akasema: "Ignace iko mutu ya heshima. Asingenipiga na neno kama jiwe. Miezi yote hii alikuwa ananitayarisha moyo." Na papo hapo akajifunga kitambaa kiunoni, akaanza kulia.

Niliposikia nilikimbia. Nikamwambia ni kitabu, mama, kweli ni kitabu, Tonton alikinunua kwa muuza karanga. Wanawake walinishika mabega wakaniambia, pole mtoto, hivi ndivyo inavyoanza. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kunilaza chini. Hata wale wa kahawa, waliokuwa wakigombana juu ya Marthe, wamesema sasa wameelewa kwa nini tonton mwenye akili aandike kurasa nyingi hivyo juu ya mzungu.

Matanga yamekaa siku zake zote. Mama amenyoa nywele. Kwa kuwa hakuna mwili, wamezika kisiki cha mgomba wakakivalisha shati lake lile la bluu. Padri alikuja. Mimi walinivika nguo nyeusi, na nilivaa, Tonton, kwa sababu siku ya tatu hata mimi sikujua tena.

Watu wa Liévin walileta unga na sukari kwenye matanga. Kwa heshima kabisa. Wamesema watarudi.

Niandikie upesi kwa mkono wako: ni kitabu, au ni Constant?

Kaswera


Kisangani, 24 Septemba 2000

Kwa kaka yangu, kwa mama yake Constant, kwa Kaswera, kwa Alexis, na kwa kila askari wa barrière atakayesoma:

Ni kitabu. Augustin ni mtu wa kitabuni, alizaliwa Ulaya katika kichwa cha mtu nisiyemjua, na amekufa humo humo. Naapa kwa kaburi la mama yetu. Nimechana ukurasa wa mwisho na kuuweka ndani ya barua hii, kila ajuaye Kifaransa ausome. Juu ya Constant sina habari ya kifo wala ya uhai. Niliandika kama mzee mpumbavu aliyetaka mtu wa kuongea naye.

Mama, unisamehe. Ningeweza ningekuja kupiga magoti, ila njia unaijua ilivyo.

Ignace Paluku


Butembo, 15 Oktoba 2000

Tonton,

Salamu za nyumbani ni nyingi, leo sitazipanga.

Ukurasa umesomwa na padri hadharani. Sasa wameamini ni kitabu, na wanaona aibu, na wanakucheka ili wasijicheke wenyewe. Ukiingia sokoni Butembo leo utaitwa Papa Augustin. Mama yake Constant peke yake hakucheka. Alisema kama ni kitabu basi hajui alie au aache, na nywele zimeshaanguka.

Kisiki cha mgomba kimeota jani. Watoto wanakwenda kulitazama.

Papa anasema mwisho ni Noeli. Baada ya hapo atapokea mbuzi wa Liévin, Constant awe hai au asiwe, kwa sababu mimi sipungui miaka. Sikubishana. Zamani ningebishana. Ila nakuomba mara ya mwisho, ukijua neno lolote, liandike, hata kama ni baya.

Kaswera


Kisangani, 12 Novemba 2000

Kaswera mwanangu,

Tunasalimu wote. Tundu la paa tumeliziba na bati la jirani aliyehama. Tantine yako meno yamepoa. Biashara, tuache.

Alexis, najua unasoma. Ni kile kitabu changu tena, cheka tu.

Kaswera, nilikisoma vibaya. Ni kwa sababu ya mabomu, nilirukaruka kurasa. Sasa nimekirudia na kumbe Augustin hakufa. Aliyefukiwa na ukuta alikuwa mwenziwe. Augustin alitoka handakini, akatembea msituni, akapanda pirogue, mtumbwi wa wavuvi, akafika mjini Jumapili moja mchana, watu wakiwa misa. Amekonda. Miguu imevimba kwa maji na harufu ya udongo haimtoki hata kwa sabuni. Yuko kwa bwana wake wa zamani, yule aliyekuwa akimsukumia chariot, analala nyuma ya magunia ya chumvi. Mke wa bwana wake anampikia pondu, majani ya muhogo. Mchana hatoki, maana askari wanapita madukani wakitafuta wenzao waliotoroka.

Bwana wake alimweleza kwamba huko kwao walishakaa matanga yake, kwa makosa. Alicheka. Alicheka sana, mpaka tukaogopa atasikika barabarani. Kisha akasema: "Muache nikufe vile. Mutu mwenye alikufa, hawamutafutake tena. Mama alishalia, amemaliza. Na yule Marthe, mumwambie achukue mbuzi za mutu mwingine. Miye nimechoka."

 Bwana wake naye amechoka, na hajui kama ni haki yake kumfanya mtu hai kwa nguvu. Alitaka kunyamaza, kitabu kiishe pale pale kilipoishia mara ya kwanza. Ni mke wake aliyemkatalia.

Kwa hiyo nakuuliza. Wewe ungekuwa Marthe, ungejibu nini? Jibu kabla ya Noeli. Kurasa zilizobaki ni chache.

Ignace


Butembo, 17 Desemba 2000

Tonton,

Papa anakusalimu, mama anakusalimu. Magoti, kahawa, mvua, vyote kama kawaida. Barua hii Alexis hataisoma, nimeificha chini kabisa ya kikapu anachokuletea.

Alexis alinipa barua huku akicheka: "Muzungu ya tonton yako amefufuka." Akaisoma kwa sauti mbele ya wanawake wa kahawa, nao wakacheka. Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaenda nyuma ya ghala nikaisoma tena peke yangu, huyo mzungu anayekula pondu, nikaikunja nikaificha kifuani.

Niliwaza maswali mengi. Kwa nini hakuuliza habari zangu hata kwa neno moja? Amechoka na nini, na vita au nami? Anawezaje kunigawia mtu mwingine kama kiti alichokalia na kuinuka? Nilikasirika, Tonton, na hasira ilikuwa tamu kidogo, maana tangu mwaka jana sikuwa nimepata nguvu ya kukasirika.

Lakini katika kitabu kile kuna mtu mmoja ambaye Augustin hakumfikiria vizuri, ni mama yake. Mimi anaweza kuniambia amekufa. Kwa mama aliyenyoa nywele hana ruhusa hiyo. Basi nilikwenda kwake. Nilifunga mlango nikamsomea ukurasa wa pirogue na magunia ya chumvi, polepole, kwa sauti ya chini. Hakuhitaji kuzungushwa. Alielewa kabla sijafika kwenye pondu.

Hakulia. Hakuuliza kwa nini haji, wala kwa nini anataka kubaki mfu. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea mwanawe na nimejiandaa kumshitaki, vyote viwili. Akaniuliza: "Anakulaka nini?"

Nikamsomea tena ule mstari. Akasema: "Pondu tu? Hapendake pondu." Akaondoka akaingia ndani, nikamsikia anapukuchua maharagwe.

Nilibaki nimekaa pale na maswali yangu yote. Hakuna hata moja lililouliza kama ameshiba. Niliona aibu, halafu nikaona wepesi, na sijui kipi kilitangulia. Nimesema kwa kila mtu kwamba ninamngoja. Aliyekuwa akimngoja ni yule mama mlangoni. Mimi nilikuwa nangoja kuambiwa.

Jibu la Marthe ni hili. Hamkasirikii tena, na hamngoji. Alale nyuma ya magunia yake mpaka miguu ikauke, na akitaka kubaki amekufa kwa askari, abaki. Kwa mama yake aandike mwenyewe, kwa mkono wake, hata mstari mmoja, aweke jina la mtu yeyote wa kitabu.

Papa nimemwambia watu wa Liévin wanaweza kuja. Mbuzi wa Constant, wakubwa na waliozaliwa kwetu, nitawaswaga mimi mwenyewe kesho mpaka kwa mama yake. Watu watasema ni kwa ajili ya marehemu, na wala sitabishana nao.

Katika mzigo wa Alexis kuna kikapu cha maharagwe. Si chako, Tonton, wala cha Tantine. Mama yule wa mlangoni anaomba yapikwe yaive kabisa, kwa kuwa tumbo la mwanawe tangu utoto halipendi maharagwe magumu.

Kaswera